Jina la Mama Dobi

Barua ya Mwenyekiti ilikuwa na mistari minne tu. Kamati ingekaa Jumatano ya wiki inayofuata. Ajenda ilikuwa moja: kanisa liendelee kutuma wainjilisti katika miji ya mbali kuwageuza watu wasio wa imani yake, au idara ya utume ifungwe na watu wake wapangiwe kazi nyingine? Mkuu wa idara aliombwa alete maoni yake kwa maandishi, yasizidi ukurasa mmoja.

Mkuu wa idara alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani na tabia ya kujisemesha akiwa peke yake. Vijana wa ofisini walimwita Mama Mkuu. Lakini zamani, katika mji mdogo wa stesheni alikotumwa akiwa binti, watu walimwita Dada Hodi, na yeye mwenyewe hakuwahi kuliacha jina hilo. "Haya, Dada Hodi," alijiambia, akavuta karatasi. "Andika basi, watu wanasubiri."

Akaandika, "Tuendelee kuwatuma." Akaitazama sentensi ile kama mgeni aliyeingia ndani bila kukaribishwa, akaikata. Chini yake akaandika, "Imetosha." Hiyo nayo akaikata. Siku ya tatu kapu lilikuwa limejaa karatasi zilizofinyangwa, na vijana wake sita walipita mlangoni kwa kunyata, maana kazi zao ndizo zilizokuwa zikipimwa mle ndani. Kila aliposhika kalamu, badala ya hoja ilimjia harufu: nguo mbichi ya pamba ikikutana na pasi ya moto.

Ijumaa alfajiri alifunga kimkoba chake, akapanda basi la kwenda mji ule ambao hakuwa ameukanyaga kwa miaka thelathini na mitatu. Alipata kiti cha dirishani na siku nzima ya kukumbuka.

Walikuwa wametumwa wawili, kama ilivyokuwa desturi ya idara. Mwenzake, msichana mwenye sauti ya kuimba iliyowafanya hata wapita njia wasimame, aliugua mapafu mwezi wa pili akarudishwa kwao. Akabaki Hodi peke yake, miaka ishirini na minne, na sanduku la vijitabu, na sauti ambayo mtu akiisikia huongeza mwendo. Alikuwa amepanga chumba cha nyuma nyumbani kwa mjane mmoja aliyefua na kupiga pasi nguo za nusu ya mji. Jina la mjane yule halikutajwa na mtu. Alikuwa Mama Dobi, basi.

Chumba cha mbele, kilichotazama barabara, kilikuwa na meza mbili ndefu zilizotandikwa mablanketi makuukuu, na pasi tatu za mkaa zilizopokezana: moja ikifanya kazi, moja ikipata moto, moja ikipumzika. Uani kulikuwa na mabeseni ya saruji na kamba za kuanikia zilizopita juu ya kila kitu, hata ukitaka kwenda chooni ilibidi upenye kati ya mashuka ya watu. Mama Dobi hakujua kusoma. Kila mteja alikuwa na uzi wa rangi yake, uliodarizwa kidogo ndani ya kola au kiunoni: kijani cha mkuu wa stesheni, nyekundu ya daktari, njano ya walimu wa shule, na mwalimu wa hesabu njano ya mishono miwili kwa sababu alikuwa mgomvi. Lakini nguo zenyewe alizisoma kama wengine wasomavyo gazeti.

"Huyu amegombana na mkewe," angesema akiinua shati. "Tazama. Wiki ya tatu hii, kifungo hakijarudishwa."

Kazi ya Hodi ilikuwa kubisha milango. Alitoka asubuhi, akapiga hodi mtaa mmoja baada ya mwingine. Watu walikuwa wema. Walimpa kiti, wakampa maji, wakamsikiliza mpaka mwisho, wakasema, "Asante sana, binti, karibu tena." Aliporudi tena, pazia lilikuwa limeshushwa na redio imezimwa ghafla. Mwezi wa nne mtaa mzima ulikuwa na ulinzi wake. Akionekana tu kwenye kona, mtu mmoja huita, "Dada Hodi huyoo!" na milango hujibu ko, ko, ko, mpaka chini kabisa kwenye reli. Jina likamganda hivyo. Alilia nalo wiki moja, halafu akalizoea kama mtu anavyozoea viatu vya kurithi.

Mtu pekee ambaye hakuweza kumfungia mlango alikuwa mwenye nyumba. Jioni moja Hodi alipiga moyo konde, akasimama upande wa pili wa meza ya pasi, kitabu mkononi.

"Mama, naweza kukusemesha habari za Mungu?"

"Mikono yangu ndiyo yenye kazi," Mama Dobi alisema. "Masikio yapo wazi. Sema."

Akasema. Akasema siku hiyo na siku iliyofuata. Wiki ya pili Mama Dobi alimsogezea bakuli la maji. "Kama unasema, sema huku unanyunyiza. Nguo imekauka mno hii." Hodi akajifunza kuzungumzia uumbaji huku akinyunyiza. Kisha akajifunza kukunja, halafu mashuka, halafu mikono ya mashati, ambayo ndiyo kazi ngumu kupita zote kwa sababu mshono hautaki kulala. Mama Dobi alisikiliza, akauliza maswali. Aliuliza Nuhu alianika wapi nguo zake siku zote zile. Aliuliza kama mwana mpotevu aliporudi, yale matambara yake yalifuliwa au yalitupwa, maana kitabu kinasema alivikwa vazi jipya na la zamani halisemwi. Hodi alijikuta anasoma kitabu upya, akitafuta nguo.

Siku moja alikuwa akielezea moto wa milele. Alichangamka, akaacha kushika pasi ili apate mikono yote miwili ya kuonyesha ukubwa wake. Moshi uliponyanyuka, shati la mkuu wa stesheni lilikuwa na alama ya pasi nzima mgongoni, kahawia, kingo zake safi kama zimechorwa na fundi.

Mama Dobi akalitazama shati. Akamtazama Hodi. "Naona moto wako umefika," alisema.

Walicheka mpaka wakashikilia meza. Walivunjika mbavu kiasi kwamba mteja aliyeingia alirudi nje akidhani kuna msiba. Na kesho yake Mama Dobi mwenyewe alilipeleka shati stesheni, akamwambia mwenye nalo, "Pasi ilinishinda, baba, nisamehe," bila kutaja mtu mwingine.

Hata sasa, basini, Hodi alitabasamu kwenye kioo cha dirisha, abiria wa kando akadhani anasalimiwa, akaitikia.

Lakini kumbukumbu haikuishia kwenye kicheko. Kulikuwa na mchana mmoja wa mwezi wa kumi na moja wa utume wake, joto limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Mama Dobi alikuwa akipiga pasi gauni la marinda, akiyafuata moja moja. Aliuliza bila kuinua macho.

"Mume wangu hakuwahi kuyasikia haya. Alikuwa msafishaji wa mabehewa. Miaka kumi na tisa alinichotea maji bombani stesheni kabla sijaamka, nikitoka nakuta mabeseni yamejaa. Akafa. Sasa yeye, kwa hicho kitabu chako, yuko wapi?"

Hodi alikuwa amefundishwa jibu hilo. Lilikuwa somo la tisa, na mwalimu aliwaonya kwamba wakilainisha hapo, kazi yote inalegea. Akalitoa kama alivyolipokea.

"Aliyekufa bila kuamini, mama, amepotea."

Mama Dobi akaiweka pasi kwenye kibao chake. "Amepotea," alisema. Hakukasirika. Alilirudia neno kama mtu anayejaribu nguo ya mtu mwingine. Kisha akatoka uani akaanza kuanua mashuka, na mashuka yalikuwa bado yanachuruzika maji.

Siku tatu alimwekea chai na mkate kama kawaida, na hakumwambia neno. Hodi alijikaza kisabuni siku mbili. Alisoma somo la tisa tena na tena, akaona maneno yale yale. Siku ya tatu alimfuata kwenye kamba. Mama Dobi alikuwa na vibanio viwili mdomoni.

"Mama, lile neno nilifundishwa. Mimi sijui. Sijui baba alipo."

Mama Dobi akatoa vibanio mdomoni. "Mwalimu wako anajua?"

"Anasema anajua."

"Alikwenda huko akarudi?"

"Hapana, mama."

"Basi shika ncha hiyo ya shuka."

Wakalikunja shuka pamoja, wakikutana katikati na kuachana, wakikutana na kuachana, mpaka likawa dogo la kubebeka mkononi. Mazungumzo ya jioni yakarudi. Hodi hakufundisha tena somo la tisa kwa mtu yeyote, wala hakuwaambia wakubwa wake.

Mwezi wa ishirini ikaja barua. Msimamizi wa wainjilisti angepita kukagua. Mahali ambapo hajapatikana hata mwongofu mmoja, barua ilisema, pangefungwa, na mwinjilisti angerudishwa nyumbani kwa maelezo. Hodi aliisoma kwa sauti, kwa kuwa alikuwa amezoea kumsomea Mama Dobi kila karatasi iliyoingia ndani ya nyumba ile, na aliposhtuka alikuwa ameshafika mwisho.

"Mwongofu ni nini?" Mama Dobi aliuliza.

"Mtu aliyeamini. Anaandikwa jina, halafu anabatizwa."

"Anabatizwaje?"

"Anazamishwa majini, mama. Mara moja."

"Mimi nashinda majini tangu nina miaka kumi na mitano," Mama Dobi alisema. "Mara moja zaidi itaniua? Niandike."

Hodi alicheka, akidhani ni mzaha kama mizaha mingine. Hakujua kwamba Mama Dobi alikuwa ameshaamua.

Msimamizi alifika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mtu mrefu aliyechoka, koti mkononi. Walimkalisha chumba cha mbele. Akatoa fomu, akaiweka juu ya meza ya pasi, akafungua kalamu. Hodi alikuwa anaanza kueleza jinsi mitaa ilivyo migumu, mlango wa ndani ukafunguliwa. Mama Dobi alikuwa amevaa gauni jeupe ambalo Hodi hakuwahi kuliona, lililotiwa wanga likasimama lenyewe; alipotembea lilinong'ona. Alikuwa amejipaka mafuta mikono yake iliyopauka kwa sabuni. Akasimama mbele ya msimamizi, akataja jina lake lote, la kwake na la baba yake na la babu yake. Miezi ishirini Hodi alikuwa amekaa chini ya paa lake, na ndiyo kwanza anasikia jina hilo.

"Niandike," Mama Dobi alisema. "Huyu binti amenifundisha."

Uso wa msimamizi ukang'aa. Akainamia fomu.

"Usiandike, mchungaji," Hodi alisema.

Kalamu ikasimama hewani.

"Amesema mwenyewe, kwa kinywa chake."

"Anasema kwa ajili yangu. Hataki nirudishwe."

Msimamizi akamtazama, na uchovu wote wa safari ukarudi usoni mwake. "Binti," alisema taratibu, "mimi nimeandika watu miaka ishirini na sita. Wengine walianza kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mwingine alikuja kwa sababu ya paa zuri la kanisa. Wewe ni nani wa kumpimia mtu mlango wake?"

Hodi alisema tu, "Siwezi," akasema tena, "Siwezi, mchungaji," mpaka kalamu ikafungwa.

Msimamizi alipotoka kwenda kutafuta chakula, Mama Dobi alikuwa bado amesimama palepale, kwa kuwa gauni lile halikutaka kukaa.

"Miezi ishirini unaniomba kitu kimoja," alisema. "Asubuhi na jioni, kitu kimoja. Leo nimekupa mbele ya watu, umekitupa."

Alhamisi Hodi aliondoka. Alikuta nguo zake zote zimefuliwa, zimepigwa pasi na kupangwa sandukuni, kila kola imelala sawa. Mwenye nyumba hakuja stesheni. Hodi alimwandikia barua mbili. Hazikujibiwa, na alijua kwamba barua ya mtu asiyesoma inahitaji mtu wa tatu, na kuna mambo mtu hataki yapite mdomoni mwa jirani. Halafu yakaja maisha: ndoa, watoto wawili, uchungaji wa mume, mazishi ya mume, meza ya ofisini. Aibu yake aliikunja akaiweka chini ya vitu vingine.

Basi liliingia mjini jua likielekea kushuka. Stesheni ilikuwa imefungwa na nyasi zimeota katikati ya reli, lakini nyumba ilikuwa palepale. Mahali pa meza za pasi sasa palikuwa na mashine mbili za umeme zikizungusha nguo nyuma ya vioo, na mwanamke wa makamo akiandika kwenye daftari. Alikuwa mpwa wa Mama Dobi, binti wa dada yake. Hodi aliuliza kama mwenye nyumba bado yupo.

"Atakwenda wapi? Yuko uani, anapatanisha soksi."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgongo, mdogo kuliko alivyokuwa, macho yamefunikwa na utando mweupe, vidole vikitafuta soksi ndani ya kapu na kuipata pacha yake kwa kugusa tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Hodi."

"Hodi gani tena, na umeshaingia?"

"Dada Hodi, mama."

Vidole vikaacha soksi. Kule mbele mashine ikabadilisha mzunguko. Kisha mikono ile ikainuka, ikamtafuta, ikampata begani, ikapanda shingoni.

"Nani amekupigia pasi kola hii?" Mama Dobi alisema. "Imelala upande."

Hodi akapiga magoti, akalia kama mtoto, na yule mwingine akimpiga-piga mgongo na kumwambia mpwa alete chai, huyu ametoka mbali na bado hajajifunza kola.

Walipiga soga mpaka chai ikapoa na kupashwa mara mbili. Mkuu wa stesheni alikufa. Mwalimu wa hesabu alikufa, akiwa hajaacha ugomvi. Na katikati ya habari hizo Mama Dobi alisema, kama mtu anayetaja mabadiliko ya hewa, kwamba yeye sasa ni muumini wa kanisa la ng'ambo ya reli. Mwaka wa kumi na tisa huu.

Hodi alihisi kitu kikimchoma chini ya titi. Ilimchukua muda kukitambua, maana hakutegemea kuwa na wivu katika umri ule na kwa jambo kama lile. "Ilikuwaje, mama?"

"Walikuja wawili, vijana. Wakabisha. Wakaniimbia. Nikawapa jina, wakaliandika hapohapo, hata wino haukukauka."

"Na kwa nini wao?"

Mama Dobi alipata soksi, akaikosa pacha yake, akaiweka pajani. "Wewe ndiye uliyenizoeza. Nilizoea kusemeshwa habari za Mungu nikiwa na pasi mkononi. Ulipoondoka, nyumba ikawa kimya mno. Miaka yote ile nilikuwa nangoja mtu aje aendeleze pale ulipoachia. Wakaja hao."

"Na baba? Wao wanasemaje kuhusu baba?"

"Sikuwauliza. Nilishakuuliza wewe, ukasema hujui. Nikaridhika na hilo."

Hodi alitazama kamba za kuanikia, zilizokuwa tupu siku hizi kwa sababu ya mashine. Akauliza alichokijia, ingawa alipopanda basi hakujua kwamba ndicho. "Siku ile ya fomu, mama. Nilikukosea?"

"Ulinikosea. Gauni lile nililitia wanga siku mbili." Akachukua soksi nyingine. "Halafu nilipoingia kanisani kwangu nikaona watu wanavyoandikwa, wengine hata hawajaulizwa, nikasema, aa, yule mtoto alikuwa na adabu. Ulinikosea na ulikuwa na adabu. Sasa nisikilize. Mimi nakuombea kila siku."

"Asante, mama."

"Usiseme asante, hujajua naomba nini. Kwetu wanafundisha kwamba watu wa kanisa lenu hamtafika. Mmepotea."

Hodi aliangua kicheko, lakini Mama Dobi hakucheka. Alikuwa amemgeuzia macho yake meupe, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Hodi alikijua, kwa sababu zamani alikibeba yeye mtaa hadi mtaa.

"Keshokutwa Jumapili. Twende wote. Ukisikiliza kwa moyo mmoja utaelewa."

"Unataka kunigeuza, mama?"

"Nataka tuwe mahali pamoja. Mimi sina miaka mingi, na huko sina mtu wa kushika ncha ya pili."

Jumapili walikwenda, mpwa akiwashika mkono huku na huku kuvuka reli. Hodi aliimba nyimbo asizozijua. Mahubiri yalikuwa marefu na mhubiri alikuwa kijana mwenye jasho, na alipoita wanaotaka kuokoka wasimame, Hodi alihisi kiwiko kikimgonga ubavuni. Kikamgonga tena. Alikaa. Alishika mkono wenye ngozi laini ya sabuni ya miaka sabini, akauminya, na baada ya wimbo wa pili kiwiko kikaacha. Njiani kurudi Mama Dobi alinuna mpaka kwenye reli, kisha akasema mhubiri alikuwa amevaa shati lisilopigwa pasi mgongoni, labda ndiyo maana.

Jumatano Hodi aliingia kwenye kikao bila karatasi. Wajumbe walikuwa tisa. Wanne walikuwa wameshaamua kwamba kugeuza watu ni kuwadharau, wanne kwamba kutowageuza ni kuwatelekeza, na Mwenyekiti alitaka kwenda nyumbani mapema.

"Sina ukurasa," aliwaambia. "Nilimnyima mtu mmoja kuandikwa, na nilimwambia mtu huyohuyo kwamba mumewe amepotea. La pili ndilo linaloniamsha usiku. Nataka tuwatume. Lakini waende kwa kukaribishwa, wakae na watu, wafanye kazi ya mikono na watu hao, na lile somo la tisa tuliondoe. Na fomu tuziache."

"Bila fomu," Mwenyekiti aliuliza, "tutajuaje kama kazi inakwenda?"

"Hatutajua."

Chumba kikachafuka. Walibishana saa tatu. Mwishowe, kwa kura tano kwa nne, idara ikabaki, na vijana wawili badala ya sita. Somo la tisa likapelekwa kwa kamati ndogo, ambayo ililikalia mwaka mzima kisha ikaliondoa kimyakimya. Fomu zilibaki. Hodi alijaribu kuzipinga tena mara mbili kabla ya kustaafu, na mara mbili alishindwa.

Kuanzia hapo alikwenda mji ule kila baada ya miezi miwili mitatu. Alikaa uani akipatanisha soksi na kuhubiriwa. Mama Dobi hakukata tamaa hata siku moja. Alibadilisha mbinu, akamsimulia ndoto, akamletea mhubiri nyumbani mara moja, na ziara ile ikaishia kwa mhubiri kuvuliwa shati ili lipigwe pasi. Alifariki mwaka uliofuata, mchana, usingizini, kwenye kiti chake.

Kwenye mazishi watu wa ng'ambo ya reli waliimba vizuri sana. Mpwa alimshika Hodi mkono, akamweka benchi la familia, mbele. Baada ya kufukia, mchungaji wao alipita akiwapa mkono wafiwa mmoja mmoja. Alipomfikia Hodi alisita.

"Na wewe, mama, ni wa kanisa gani?"

Hodi akalitaja.

"Pole," mchungaji alisema, kwa huruma ya kweli.

Hodi hakujua kama pole ile ilikuwa ya msiba au ya kanisa. Akashukuru kwa yote mawili, akasogea kumpisha apite.